Kabureta Mbili kwa Starlet Moja: Mwongozo kwa Mwenye Gari wa Endagikot

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye Toyota Starlet ya miaka ya tisini, ile ya injini ya 4E-FE ya cc 1,331, ambayo petroli yake hunyunyizwa na nozeli nne kwa amri ya kontroli boksi. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi akitoka Karatu. Gari limefika Endagikot, wilayani Mbulu, likimisi na kutoa moshi mweusi. Fundi ameitwa, ameinama chini ya boneti kwa muda unaolingana na heshima ya mteja, kisha ametoa hukumu ambayo kila mwenye gari la sensa amewahi kuisikia: "Bosi, magari haya ya umeme huku kwetu hayafai. Hii tuing'oe, tufunge kabureta."

Mtu wa kawaida angekubali kabureta moja. Wewe si wa kawaida. Umesema mbili.

Pokea pongezi. Toyota iliuza Starlet tangu 1973 mpaka 1999, na katika miaka hiyo wahandisi wake walihangaika kuitoa kwenye kabureta na kuifikisha kwenye nozeli. Wewe utawarudisha walikotoka kati ya mnada mmoja na mwingine, chini ya mkaratusi, kwa spana namba 10 na 12.

Hoja kwanza, spana baadaye

Utaulizwa kwa nini. Mkeo atauliza, ndugu watauliza, na wale wa kijiweni watauliza kwa sauti kubwa kuliko wote, ingawa gari si lao. Usiwajibu kwa maneno ya fundi. Wajibu kwa historia. Waambie kwamba 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za magari za East African Safari kwa Volvo PV544 yenye kabureta mbili. Waambie kwamba 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, gari lililotoka kiwandani na kabureta zake mbili. Ongeza Mini Cooper S ya cc 1,275, injini ndogo kuliko yako, ambayo kwa kabureta mbili za SU ilishinda Monte Carlo Rally 1965 na 1967. Kijiwe kitanyamaza.

Tahadhari moja tu: ukishataja ushindi wa Joginder, ruka moja kwa moja hadi 1970. Katikati pale kuna 1966 na 1967, miaka ambayo Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alishinda Safari mara mbili mfululizo akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Peugeot ile ilikuwa ya nozeli. Na enzi hizo Safari ilipita Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye vumbi na tope lile lile ambalo fundi wako anasema halipatani na nozeli. Mzee yeyote akianza kulikumbuka jambo hili, badilisha mazungumzo haraka. Uliza bei ya vitunguu saumu.

Kutafuta hizo mbili

Njia ya heshima ni kuagiza jozi ya Weber DCOE kutoka Ulaya. Kila kabureta ina midomo miwili, kwa hiyo kila silinda inapata mdomo wake, na ukifungua boneti hata asiyejua gari atashika kiuno. Kasoro yake ni kwamba fedha hizo, ukijumlisha usafiri na ushuru, zinaweza kukununulia injini nzima ya 4E-FE iliyotumika Japani, pamoja na sensa zake zote. Lakini hatukuja hapa kuzungumzia njia za mkato.

Njia ya wengi ni kupekua maduka ya spea zilizotumika, Arusha au Kariakoo, hadi upate kabureta moja ya Corolla KE70 na nyingine ya kitu chochote kilichoandikwa Nissan. Zisifanane. Zikifanana fundi atamaliza kazi mapema na hamtakuwa na la kuzungumza. Jua pia kwamba kabureta ya KE70 ilitengenezwa kulisha peke yake injini ya 4K ya cc 1,290, karibu sawa na yako. Ukifunga mbili umepika pilau la injini ya cc 2,600, na mgeni aliyekuja ni mmoja.

Kuna kijana atakayekushauri ufunge za pikipiki, kwa kuwa zinapatikana kila duka la spea mjini Mbulu. Usimcheke. Wenzetu wa Ulaya hufunga kabureta nne za pikipiki kubwa kwenye vigari vidogo, na vinakimbia vizuri sana. Ila zile hutoka kwenye pikipiki za mashindano za cc 600 na kuendelea, wala si kwenye bodaboda ya cc 150 iliyokwisha kunywa maji mara tatu mtoni.

Kung'oa

Hii ndiyo sehemu tamu, na fundi yeyote ataifanya kwa moyo. Toa nozeli. Toa reli yake. Toa sensa ya vakyumu, sensa ya joto la maji na sensa ya bataflai. Kata wayaringi yote inayokwenda kwenye kontroli boksi na usiweke alama waya wowote, kwa sababu mtu anayeweka alama ni mtu anayefikiria kurudi. Vitu vyote vitie kwenye kiroba. Kiroba hicho kitakaa uvunguni miaka mingi kikisubiri siku utakapouza gari, ambapo mnunuzi atakiomba kwanza kabla hajaomba hata kadi.

Manifodi ya kuingizia hewa ni ya aluminiamu na ina matundu manne ya nozeli ambayo sasa hayana kazi. Inabidi uyazibe, ukate sehemu ya bataflai, kisha uchomelee vikalio viwili vya kabureta. Mchomeleaji wa mageti atakubali kazi hii bila kusita. Mashine yake ni ya chuma, na aluminiamu inataka mashine nyingine na gesi ya agoni, lakini yeye ni mtu wa imani. Kazi ikitoka na vinyweleo, mtaziba kwa silikoni ya kawaida ya gasketi. Silikoni hiyo huvumilia oili na maji. Petroli huilainisha na kuila. Baada ya muda manifodi itaanza kunyonya hewa pembeni, injini itapanda na kushuka yenyewe bila kukanyagwa, na fundi atasema kabureta zinataka kusafishwa. Zitasafishwa sana.

Hapa niweke kejeli kando kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe linaua. Pampu ya mafuta ya Starlet ya nozeli imo ndani ya tanki na inasukuma petroli kwa presha ya 40 hivi, kwa kipimo kile kile mnachojazia upepo wa tairi. Kabureta inataka 3. Ukiiunganisha ile pampu moja kwa moja, sindano ya floti haiwezi kuizuia; petroli itafurika juu ya kabureta na kumwagikia eksozi iliyo moto. Funga pampu ndogo ya kabureta, au kipunguza presha cha kweli chenye mpira wa kurudisha mafuta kwenye tanki. Na kuna la pili ambalo mafundi wengi hawalisemi: kontroli boksi ndiyo iliyokuwa inaizima pampu injini ikisimama. Ukiing'oa na kuivuta pampu kwa waya kutoka swichi ya funguo, siku gari likipinduka mtaroni pampu itaendelea kusukuma petroli mpaka mtu azime funguo, kama yupo wa kuzima. Jambo hili usilifanyie utani, na fundi akikuambia "haina shida bosi", shida ipo.

Tuendelee na utani wetu. Moto wa plagi nao ulikuwa unapangwa na kile kiboksi ulichotia kwenye kiroba. Sasa unahitaji distributa ya zamani, yenye vijiwe na springi za kusogeza taiming kadiri injini inavyokimbia. Itafute. Isipoenea, itachongwa. Ikichongwa vibaya, gari litapanda mlima kwa kupiga makofi kwenye eksozi, na watoto watalipenda.

Kusikiliza kwa mpira

Kabureta mbili zinapaswa kunyonya hewa sawasawa. Moja ikivuta zaidi, silinda mbili zinabeba mzigo wa nne, na gari litatetemeka hadi kioo cha ndani kikuonyeshe abiria wawili wawili. Wenye fedha wana kifaa cha kupimia. Fundi wako ana kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono hivi. Anaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, anafumba macho, anasikiliza ule mluzi. Anahamia ya pili. Anageuza skrubu robo mzunguko kwa bisibisi bapa, anarudi ya kwanza. Ukimwita wakati huo hakusikii, na usimwite.

Mbinu hii ni ya kweli na mafundi wa SU wa Uingereza waliitumia tangu zamani. Fundi anayeiweza si mtu wa kudharauliwa. Ndiyo maana namwelewa anaposema tung'oe: kabureta anaiona, anaishika, anaisikia kwa mpira, akikosea anarudi nyuma robo mzunguko. Kontroli boksi haimwambii chochote, na hakuna aliyemfundisha kuiuliza. Hata mashine za kisasa za kupimia magari zilizopo mijini, plagi zake haziingii kwenye Starlet ya umri huu. Mtu hawezi kupenda kitu kinachomfanya aonekane hajui mbele ya mteja.

Ugomvi na hewa

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo kijiweni hawakulitaja. Mji wa Mbulu uko mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya sita. Petroli inataka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ili iungue yote. Kabureta iliyopangwa pwani, ukiipandisha Endagikot, inaendelea kumwaga petroli kwa mazoea ya pwani wakati hewa imepungua. Mchanganyiko unazidi mafuta kwa karibu asilimia 9. Plagi zinakuwa nyeusi, gari linakosa nguvu, na tanki linaisha kabla ya safari. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, wewe utasikiliza kwa makini kuliko wenye malori.

Dawa ipo: badilisha jeti, weka ndogo. Fundi atabadilisha, gari litanyooka, moshi utakwisha, mtashikana mikono. Kisha utapata safari ya Babati.

Utapita Magara. Kutoka juu ya ukingo wa Bonde la Ufa unateremka kwenye zege, kona juu ya kona, mpaka karibu na Ziwa Manyara ambalo liko mita 960 hivi. Ndani ya muda mfupi umeshuka zaidi ya mita 700, hewa imekuwa nzito, joto limepanda, na jeti zako ndogo za Mbulu sasa zinatoa petroli pungufu. Injini yenye petroli pungufu huchemka na kuunguza valvu. Kwa hiyo msafiri mwenye busara hubeba jeti za Mbulu mfuko wa kushoto na za Magara mfuko wa kulia, pamoja na bisibisi, na husimama chini ya mlima kubadilisha za kabureta zote mbili huku Noah za abiria zikimpita. Wakati wa kupanda atasimama tena. Akienda Dar atahitaji mfuko wa tatu.

Sensa ya vakyumu iliyomo kwenye kiroba uvunguni ilikuwa inaifanya kazi hii peke yake, kwenye kila kona ya Magara, bila kushuka garini.

Julai ina mambo yake. Asubuhi za Mbulu ukungu hushuka mpaka hauoni ng'ombe aliye mbele ya boneti, na ukipanda Kainam baridi inazidi. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya koo la kabureta inapoza chuma kwa nyuzi 20 au hata zaidi. Hewa ikiwa nyuzi 10 na imejaa unyevu, maji yake yanaganda kwenye bataflai. Ndiyo, barafu, Tanzania, ndani ya injini iliyo moto. Waliotengeneza magari ya kabureta walilijua hilo wakapitisha maji ya moto kwenye manifodi, au wakavuta hewa yenye joto kutoka pembeni mwa eksozi. Wewe na mchomeleaji wa mageti hamkupitisha kitu. Utakuwa unateremka taratibu, mguu haujakanyaga mafuta sana, gari litapungua nguvu na kuzima. Utampigia fundi simu. Wakati anafika, joto la injini limekwisha kuyeyusha barafu, ushahidi umekauka, na gari linawaka kwa mpigo wa kwanza. Fundi atakutazama kwa huruma. Utalipa nauli ya pikipiki iliyomleta.

Kuwasha gari lenyewe asubuhi hizo ni ibada. Vuta choki. Kanyaga mafuta mara mbili, wala si tatu. Washa. Ikikohoa, rudisha choki nusu. Ikizima, umeizamisha kwa petroli: fungua plagi nne, zikaushe, zirudishe. Usimwazime mtu gari, kwa sababu maelezo hayaishi.

Faida

Zipo, nisiwe mchoyo. Sauti ni nzuri. Kabureta mbili zikinyonya pamoja mlimani zina mnguruma ambao nozeli haitoi. Taa ya injini haitawaka tena, kwa kuwa mmeitoa balbu. Utajuana na mafundi wa Mbulu, Dongobesh na Karatu, na wote watakuita bosi. Trafiki akifungua boneti atasahau alichokuja kukagua. Na gari halitaibiwa, kwani mwizi hatajua choki inavutwa kiasi gani.

Kwa wasio na subira

Wapo watu dhaifu watakaotaka gari litembee wiki hii. Hao nawapa njia yao, isiyo na sifa yoyote kijiweni.

Chini ya boneti ya Starlet yako kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Kifungue. Nyuma ya kifuniko kuna mchoro wa matundu na majina yake. Tafuta TE1 na E1. Chukua kipande cha waya kisichozidi kidole, chuna ncha zote mbili, chomeka moja TE1 na nyingine E1. Angalia sana usikosee tundu. Geuza funguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usiwashe injini, usikanyage mafuta. Taa ya injini itaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo ule ule, kontroli boksi haina shauri. Ikikonyeza, ikatulia, ikakonyeza tena, hesabu: konyezo za kwanza ni makumi, zinazofuata ni mamoja. Mbili kisha mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Tatu kisha moja ni 31, sensa ya vakyumu. Nne kisha moja ni 41, sensa ya bataflai. Ndivyo Toyota za umri huo zilivyotengenezwa, ili fundi asiye na mashine yoyote aweze kuziuliza.

Kabla ya kununua sensa, chomoa plagi yake, safisha kutu na vumbi, irudishe. Kisha fuata ule mpira mwembamba unaotoka kwenye manifodi kwenda sensa ya vakyumu. Mpira huo hukauka na kupasuka kwa umri. Ukipasuka, kontroli boksi hudhani umekanyaga mafuta hadi mwisho, nayo humwaga petroli ipasavyo: gari linamisi, moshi mweusi, nguvu hakuna. Kata kipande kilichopasuka, vuta kilichobaki, au weka mpya. Chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika ili kumbukumbu ifutike, irudishe, uwashe.

Fanya haya kabla fundi hajafika na spana. Akifika, mwonyeshe na yeye hizo konyezo, mlipe kwa muda wake, na kipande cha waya mwachie. Starlet katika wilaya ya Mbulu haiko moja.